Mizizi Ikuavyo: Nusu ya Shamba Isiyoonekana

Somo kwa wakulima na wanafunzi wa Meru na Embu

Mtu asafiriye kutoka Embu kupita Runyenjes na Chuka hata kufika Meru huyaona mashamba yamepangwa kama ngazi mbavuni mwa Mlima Kenya. Juu, karibu na msitu, kuna chai. Chini yake kuna kahawa, migomba, mahindi na maharagwe. Na chini kabisa, katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, kuna mtama, kunde na mbaazi. Lakini yote ayaonayo msafiri ni nusu tu ya shamba. Nusu ya pili imo gizani, chini ya miguu yake.

Mkulima huutazama mmea kwa majani yake, na ni haki, kwani majani ndiyo yaonekanayo. Hata hivyo mambo mengi yanayoyapata majani huwa yameanza mizizini, pengine miaka mingi nyuma. Mbuni, yaani mti wa kahawa, huweza kupandwa ukiwa na majani mazuri ya kijani, ukastawi miaka miwili au mitatu, kisha kikaja kiangazi kikali, nao ukageuka manjano na kufa, wakati jirani yake katika mstari ule ule ungali mzima. Watu husema ni jua, au ni wadudu, au ni kijicho cha mtu. Wakiuchimbua, huona mzizi wake mkuu umepindika kama ndoana ya samaki na kuelekea juu. Jua lilikuwa shahidi tu wa kosa lililotendeka siku ile mche ulipotiwa shimoni.

Basi yafaa kila mwenye shamba ajue jinsi mzizi ukuavyo, kwani ni jambo la mali na la chakula.

KAZI ZA MZIZI

Mzizi una kazi tatu kubwa. Kwanza, huushika mmea usianguke na huushika udongo usichukuliwe na maji. Pili, hunywa maji pamoja na chumvichumvi za ardhi zilizoyeyuka ndani yake, na kuyapeleka juu mpaka majanini. Tatu, huweka akiba ya chakula.

Mimea mingine, kama maharagwe, mbaazi na mbuni, hutoa mzizi mkuu mmoja ushukao moja kwa moja, na kutoka katika huo huchipuka mizizi ya pembeni. Mingine, kama mahindi, mtama na nyasi, hutoa mizizi mingi myembamba kama nyuzi za ufagio, isiyo na mkubwa wala mdogo.

Si kila kitu kilichomo ardhini ni mzizi. Kiazi kitamu, muhogo na karoti ni mizizi iliyonenepa kwa akiba. Lakini kiazi cha Ulaya, kilimwacho sana Kibirichia na Timau, ni sehemu ya shina. Yale macho yake ni vichipukizi. Nduma nayo ni shina. Ndiyo sababu kiazi cha Ulaya huchipuka katika macho yake, bali karoti iliyokatwa vipande vipande haiwezi kupandwa hivyo.

MZIZI HUREFUKA KWENYE NCHA TU

Watu wengi hudhani ya kwamba mzizi hurefuka mahali pote, kama kamba ya mpira ivutwapo. Sivyo. Mzizi hurefuka karibu na ncha yake tu, katika sehemu fupi isiyozidi sentimeta moja hivi.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama. Achukue mbegu za maharagwe, azilaze katikati ya karatasi iliyolowana na ubavu wa bilauri, na kuziacha mpaka zitoe mizizi ya urefu wa sentimeta 2 au 3. Kisha autie mzizi mmoja alama za wino kwa ncha ya uzi, alama moja kila baada ya milimita 2, tangu nchani hata juu. Kesho yake wataona ya kwamba alama za juu zimekaa vile vile zilivyokuwa, bali zile zilizo karibu na ncha zimeachana mbali. Huko ndiko mzizi ulikorefuka.

Kwenye ncha kabisa kuna kofia ndogo ya chembe hai. Mzizi upenyapo katikati ya mchanga na mawe, chembe za kofia hiyo husuguliwa na kuanguka, na nyingine mpya huzaliwa nyuma yake mahali pa zile zilizopotea. Kofia hutoa ute utelezao, nao huurahisishia mzizi njia. Nyuma ya kofia kuna mahali ambapo chembe hugawanyika na kuwa nyingi. Na nyuma ya hapo chembe hizo hujaa maji na kurefuka, zikiisukuma ncha mbele. Mzizi wa mhindi mchanga katika udongo laini wenye unyevu na joto la kutosha huweza kwenda sentimeta 2 au 3 kwa siku moja, hata zaidi.

Hapa pana fundisho kubwa. Kwa kuwa mzizi hurefuka nchani tu, sehemu iliyokwisha kupindika haitajinyosha tena. Itanenepa, lakini itanenepa vile vile ilivyopinda. Mti mzima wenye umri wa miaka 20 huweza kuwa na kipindo kile kile ulichopewa siku ya kupandwa.

MZIZI HUJUAJE CHINI?

Mbegu ya haragwe ikitupwa shimoni kichwa chini au ubavu, mzizi wake hugeuka na kushuka. Hujuaje njia katika giza? Ndani ya kofia ya mzizi kuna chembe zenye punje ndogo sana za wanga. Punje hizo ni nzito, nazo hulala upande wa chini, kama vile mawe madogo yalalavyo chini ya kibuyu. Mzizi ukilazwa ubavu, punje huhama, na mmea hupata habari. Upande wa juu wa mzizi hurefuka upesi kuliko upande wa chini, na ncha hupinda kushuka.

Charles Darwin wa Uingereza na mwanawe Francis walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1880 ya kwamba ncha ya mzizi ikikatwa, mzizi huendelea kurefuka kwa muda lakini hausikii tena njia ya chini mpaka ncha mpya imeota. Tangu hapo wataalamu wameongeza maarifa mengi, lakini neno lile lingali kweli: ncha ndiyo kiongozi.

VINYWELEO VINAVYOKUNYWA

Nyuma kidogo ya sehemu inayorefuka, mzizi huota vinyweleo vyembamba mno. Hivyo ndivyo vinywavyo sehemu kubwa ya maji na chumvichumvi. Kinyweleo hakiishi siku nyingi. Hufa, na vingine huota mbele kadiri mzizi uendeleavyo.

Mwaka 1937 mtaalamu wa Marekani, Howard Dittmer, alitoa hesabu ya mizizi ya mmea mmoja wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, uliokuwa umeoteshwa ndani ya sanduku la udongo kwa muda wa miezi 4. Aliona ya kwamba mizizi yote ya mmea ule mmoja, ikiungwa pamoja, ilifika kilometa 620 hivi, urefu unaozidi safari ya kutoka Nairobi hata Mombasa. Vinyweleo vyake vilikisiwa kuwa milioni 14,000.

Kwa hiyo mtu ang'oaye mche kwa kuuvuta shingoni, akaona mizizi michache imetoka nao, asidhani ameing'oa mizizi yote. Ile inywayo amekwisha kuiacha ardhini. Mche huo utanyauka hata ukimwagiwa maji debe zima, kwa sababu kilichokosekana ni kinywa cha kuyanywea.

MZIZI HAUNUSI MAJI YA MBALI

Husemwa mara nyingi ya kwamba mizizi huvuta harufu ya maji na kuyafuata hata mtoni. Yapasa maneno haya yasahihishwe. Mzizi haujui maji yaliyo mbali. Husambaa pande zote. Ule uangukiao mahali penye unyevu, hewa na chakula hustawi na kutoa matawi mengi, na ule uangukiao mahali pakavu au pagumu hukawia au hufa. Mwisho wake mizizi mingi huonekana upande wa maji, na watu hudhani iliyanusa.

Hewa ni lazima kama maji. Mizizi ni hai, nayo hupumua. Katika bonde lililojaa maji yaliyotuama, hewa hutoweka ardhini na mizizi huoza. Ndipo mahindi yanapogeuka manjano katikati ya maji mengi. Vivyo hivyo, udongo uliokanyagwa na ng'ombe au uliolimwa miaka mingi kwa kina kile kile cha jembe huweza kuwa na tabaka gumu chini. Mzizi ukifika hapo hugeuka kando. Mvua zikiwapo mmea huonekana mzima. Zikikatika wiki mbili, mmea hunyauka, ingawa maji yapo nusu mita chini ya tabaka lile.

Wakulima wa sehemu za juu za Meru na Embu wana bahati. Udongo wao mwekundu, uliotokana na mawe ya volkano ya Mlima Kenya, una kina cha mita kadhaa, nao hupitisha maji na hewa vizuri. Mtaalamu F. J. Nutman, aliyeifukua na kuichunguza mizizi ya mibuni katika Afrika ya Mashariki, alitangaza habari zake mwaka 1933, akaonyesha ya kwamba baadhi ya mizizi ya mbuni hushuka hata mita 3 hivi. Lakini mizizi mingi yenye vinyweleo hukaa karibu na uso wa ardhi, penye mboji na mbolea. Basi mwenye kulima kwa jembe refu chini ya mibuni yake huikata midomo inayoilisha. Yafaa magugu yaparuliwe juu juu, na ardhi ifunikwe kwa matandazo ya majani makavu.

Miti mikubwa nayo ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi yake imo katika mita moja ya juu, nayo huweza kusambaa mbali mara 2 au 3 kupita kivuli cha matawi.

RAFIKI ZA MIZIZI

Mizizi haifanyi kazi peke yake. Mkulima akiufukua taratibu mharagwe wakati wa kutoa maua, ataona vinundu vidogo kama punje za mtama. Ndani yake hukaa bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea; nao mmea huwapa sukari. Kinundu kikikatwa kwa ukucha na kuonekana chekundu au cha rangi ya waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijivu, bado au kimechoka.

Tena mimea mingi hufungamana na kuvu wembamba kama utando wa buibui, ambao hufika mahali mzizi usipofika na kuuletea mmea fosforasi. Misonobari ya kigeni ilipoletwa katika nchi nyingi za Afrika, miche yake ilidumaa vitaluni mpaka ilipochanganyiwa udongo uliotoka chini ya misonobari ya zamani. Udongo huo ulikuwa na kuvu wanaoifaa.

Mbaazi, ambayo watu wa Mbeere na Tharaka huipenda kwa kuwa huvumilia ukame, ina ufundi wake. Mzizi wake mkuu hushuka mbali, tena hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma cha udongo mwekundu. Kwa hiyo huweza kula mahali ambapo mahindi yangeona njaa.

MITI YA NCHI HII

Mugumo, ambao wazee wa Embu na Meru waliuheshimu na kusali chini yake, mara nyingi hauanzi ardhini. Ndege hula tunda lake na kuiacha mbegu juu ya mti mwingine. Mche huota huko, hushusha mizizi kama kamba hata ardhini, na mizizi hiyo hunenepa na kuungana mpaka mti uliokuwa mwenyeji husongwa na kufa.

Miraa ya Igembe na Tigania haipandwi sana kwa mbegu. Mkulima hutwaa machipukizi yanayotoka kwenye shina au mizizi ya mti mkubwa, na kuyapanda penginepo.

Mti wa mukima, uliotoka Australia ya mashariki, sasa umejaa katika mipaka ya mashamba. Tangu kazi ya kuviunganisha na kuvipima vipande vya ardhi ilipoenezwa kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mipaka ilithibitishwa, na wengi waliipanda miti. Mukima una vishada vya mizizi mifupi kama brashi, vinavyotoa asidi na kuiyeyusha fosforasi. Kwa sababu hiyo hustawi hata penye udongo hafifu.

Lakini je, mukima haunyang'anyi mahindi chakula? Jambo hili huleta ugomvi kati ya majirani, kwani mzizi hausomi hati ya shamba. Hupita chini ya mpaka na kula upande wa pili. Jibu ni ya kwamba inategemea mahali. Kwenye mvua nyingi na udongo wenye kina, madhara huwa madogo. Lakini majaribio yaliyofanywa Machakos katika miaka ya 1990 yalionyesha ya kwamba katika nchi kavu mukima uliokomaa huyapunguzia mahindi mavuno sana. Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kupogoa matawi, kwani mti wenye majani machache hulisha mizizi michache. Ya pili ni kuchimba mtaro wa kina cha nusu mita hivi kati ya mti na mazao, na kuikata mizizi ya pembeni. Mtaro uchimbwe upande mmoja tu, tena usikaribie shina mno, upepo usije ukauangusha mti.

Mkaratusi ni mnywaji mkubwa zaidi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kandokando ya mito na chemchemi ikatwe. Panda mkaratusi mbali na maji na mbali na chakula.

Kwa wenye ng'ombe wa maziwa, utafiti uliofanywa Embu tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ulieneza kichaka kiitwacho kaliandra, kilichotoka Amerika ya Kati. Mizizi yake ina vinundu vya nitrojeni. Kikipandwa pamoja na majani ya nepia kwenye kingo za matuta, huushika udongo wa mteremko usishuke mtoni. Kilo 3 za majani yake mabichi zilionekana kuwa sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe kinunuliwacho dukani.

SIKU YA KUPANDA

Maarifa yote haya hukutana siku moja, siku ya kupanda mche. Mwenye kutaka kupanda kwa mvua za Oktoba au za Machi na afuate haya.

1. Shimo la mbuni liwe na sentimeta 60 kila upande na sentimeta 60 kwenda chini. Lichimbwe mapema kabla ya mvua. Udongo wa juu uwekwe mbali na ule wa chini. Kisha udongo wa juu, uliochanganywa na samadi iliyooza, ndio urudishwe.

2. Mche utazamwe mizizi kabla ya kupandwa. Wenye mzizi mkuu uliopinda au uliojisokota utupwe, hata kama majani yake ni mazuri. Hasara ya mche mmoja leo ni ndogo kuliko ya mbuni mmoja baada ya miaka mitatu.

3. Mfuko wa plastiki uondolewe wote. Mizizi iliyozunguka chini ya mfuko ikatwe kwa kisu kikali, kwani ikiachwa itaendelea kuzunguka.

4. Mzizi mkuu ushuke wima. Mche usisukumwe kwa nguvu katika tundu fupi. Udongo ushindiliwe kwa mkono polepole, usibaki na mapango ya hewa wala usigandamizwe kama sakafu.

5. Maji yamwagwe siku ile ile, na mche upewe kivuli mpaka utakapotoa vinyweleo vipya.

Mwenye mibuni ya zamani asikimbilie kuing'oa. Mibuni ya kale yenye mizizi iliyokwisha kushuka huweza kubandikwa vikonyo vya Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985, au vya Batian ya mwaka 2010, ambazo hazidhuriki upesi kwa magonjwa. Hivyo mkulima hupata matawi mapya juu ya mizizi ya zamani, naye huvuna mapema kuliko aanzaye na mche.

MASWALI KWA MADARASA

1. Kwa nini mzizi uliopindika haunyoki tena, hata mti ukiishi miaka mingi?
2. Eleza sababu mche uliong'olewa kwa kuvutwa hunyauka ijapokuwa umemwagiwa maji.
3. Mahindi yaliyo bondeni yamegeuka manjano wakati wa mvua nyingi. Mizizi yake imekosa nini?
4. Chimbeni mharagwe mmoja wa shambani kwenu unaotoa maua, mhesabu vinundu vyake na kuvikata. Vingapi ni vyekundu?
5. Majirani wawili wanagombania mukima wa mpakani. Mngewashauri nini, kama shamba liko Runyenjes? Na kama liko Mbeere?